Donda ndugu la kisukari: Jinsi ya kuuokoa mguu

WAHENGA walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa anayeugua kisukari, methali hii si fumbo. Lengelenge lililoletwa na kiatu kinachobana laweza kugeuka donda lisilopona kwa miezi, na hatimaye mgonjwa akakatwa mguu.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la East African Medical Journal uliwachunguza wagonjwa 1,788 wa kliniki ya kisukari ya Hospitali Kuu ya Kenyatta (KNH), jijini Nairobi. Kati yao, 82, yaani asilimia 4.6, walikuwa na vidonda vya miguu. Mambo yaliyohusishwa na vidonda hivyo ni pamoja na sukari isiyodhibitiwa, shinikizo la damu, mafuta mengi katika damu, maambukizi na mgonjwa kutojitunza.

Kwa nini haliponi

Sukari ikizidi mwilini kwa miaka mingi, huharibu neva za miguu. Mgonjwa hukanyaga msumari au kuungua kwa maji moto asihisi lolote, na kwa kuwa hahisi maumivu, huendelea kulikanyagia donda kila siku. Aidha, mishipa ya damu huziba, hivyo damu inayopaswa kuponya jeraha haifiki ipasavyo. Sukari nyingi pia hudhoofisha kinga ya mwili, nazo bakteria hupata mwanya wa kupenya hadi kwenye mfupa.

Si kila kidonda cha mgonjwa wa kisukari huanzia kwenye unyayo. Upo ugonjwa adimu wa ngozi uitwao nekrobiosisi lipoidika. Huu hutokeza mabaka ya manjano au hudhurungi kwenye miundi, ngozi ikawa nyembamba na yenye kung'aa, na baadhi ya mabaka hupasuka yakawa vidonda sugu. Mgonjwa wa aina hii anafaa kumwona daktari wa ngozi.

Matibabu

Hakuna dawa moja inayoponya donda la kisukari. Kazi hii ina nguzo tano, na mojawapo ikikosekana, nyingine hulegea.

Kwanza, daktari au muuguzi huondoa nyama iliyokufa, husafisha donda na kulifunga kwa bendeji safi. Pili, mguu hupunguziwa uzito kwa kiatu maalumu, plasta ngumu au magongo. Nguzo hii ndiyo hupuuzwa zaidi, ilhali donda linalokanyagiwa haliponi hata likipakwa dawa ghali kiasi gani.

Tatu, iwapo kuna maambukizi, mgonjwa hupewa antibayotiki, na huenda akapigwa eksirei ili ijulikane kama mfupa umeathirika. Donda lisilo na maambukizi halihitaji antibayotiki. Nne, mtiririko wa damu hupimwa. Mshipa ulioziba waweza kuhitaji kuzibuliwa. Tano, sukari hudhibitiwa kwa lishe, tembe au insulini.

Kumwagia donda unga wa kapsuli, kulichoma kwa spiriti au kuloweka mguu katika maji moto yenye chumvi ni kulichochea. Anayefanya hivyo hupoteza majuma ambayo mguu ungali unaweza kuokolewa.

Pa kwenda

Mkazi wa Kawangware, Kangemi, Dagoretti au Kibera hana haja ya kuanzia KNH. Kituo cha afya kilicho karibu chaweza kupima sukari, kufunga donda na kumpa mgonjwa barua ya kumpeleka hospitali kubwa zaidi, kama vile Mutuini au Mbagathi. KNH, iliyoko Upper Hill, magharibi mwa katikati ya jiji, ni hospitali ya rufaa. Ni vyema pia kujisajili mapema na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024.

Hata hivyo, mguu uliovimba na kuwa mwekundu, unaotoa usaha au harufu mbaya, au wenye kidole kilichogeuka cheusi, haungoji barua wala miadi. Mgonjwa aliye na dalili hizo, hasa akiwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kinga

Kila jioni, kagua nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtu wa nyumbani. Osha miguu kwa maji vuguvugu na uikaushe vyema. Usitembee miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Ununuapo viatu, vya duka au vya mitumba, chagua visivyobana, na kabla ya kuvaa vikung'ute na kupapasa ndani. Usikate sugu kwa wembe. Kwenye kliniki, vua viatu na uombe miguu ichunguzwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huna maumivu. Kwa mwenye kisukari, mguu usiouma si ithibati kuwa mguu ni mzima.