Mbuzi Asiyekamuliwa

Jioni ikishuka Lubumbashi, moshi wa michopo hupanda kwenye kona za Kenya, Katuba na Kamalondo. Nyama ya mbuzi inakatwa vipande mbele ya mteja, inatiwa chumvi, inarushiwa kitunguu kibichi na pilipili, na biashara imekwisha. Katika mji unaompenda mbuzi kiasi hicho, maziwa yake hayana soko. Jibini ndiyo kabisa: anayeitaka huingia dukani kuulizia fromaji, kwa neno la Kifaransa, na anayopewa imetoka mbali, tena karibu kila mara ni ya ng'ombe. Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba ndiyo desturi, watu wa Katanga si watu wa maziwa. Jibu hilo lina ukweli wake, ila linaeleza kidogo mno. Mji huu ulipozaliwa mwaka 1910 ulipangiwa kulishwa na reli na kampuni. Mashamba ya familia hayakuwamo katika hesabu hiyo, na jibini ya mbuzi, kwa sehemu kubwa ya historia yake duniani, imekuwa kazi ya familia yenye shamba.

Mbuzi mwenyewe si mgeni. Mbemba humwita imbushi, Mswahili humwita mbuzi, na ndugu hao wawili wa maneno wanatosha kuonyesha jinsi mnyama huyu alivyokuwa mali ya wasemaji wa Kibantu tangu zamani sana. Kaskazini, katika bonde la Upemba, makaburi ya Sanga yaliyochimbwa na wanaakiolojia kuanzia 1957 yalitoa vyungu, mapambo ya shaba na, kando yake, mifupa ya mbuzi na kuku. Makaburi hayo ni ya karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kuitia Katanga katika ramani yake. Mbuzi alisindikiza wafu, aliingia katika mahari, alilipa faini, alichinjiwa mgeni wa heshima. Alikuwa akiba inayotembea kwa miguu minne, na akiba haikamuliwi kila asubuhi.

Kisha reli ikafika kutoka Rhodesia, Septemba 1910. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, na wanaume wa kuilisha tanuri walitafutwa na Bourse du Travail du Katanga katika vijiji vya mbali. Mwanamume aliyeandikishwa aliacha nyuma mke, shamba na mbuzi. Badala yake alipimiwa posho: unga, nyama au samaki, maharage, chumvi. Unga mwingi ulikuja kwa treni kutoka kusini. Nyama nayo, mwanzoni, ilitegemea sana ng'ombe wa Barotseland, walioswagwa na wafanyabiashara kama ndugu wawili wa Susman, mpaka ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe ulipoifunga njia hiyo mwaka 1915. Somo walilolipata wakubwa wa mji ni kwamba lazima Katanga ijitegemee kwa nyama, na katika miaka ya 1920 zikaanzishwa kampuni kubwa za ufugaji, Elakat na Pastorale du Haut-Lomami zikiwa miongoni mwake, kwenye nyanda za juu. Tazama hatua zote hizo kwa mpangilio: hakuna hata moja inayomwangalia mnyama kama chombo cha maziwa cha kaya. Mnyama ni kilo za nyama, na kilo zinahesabiwa kwa idadi ya vibarua.

Mwishoni mwa muongo huo kampuni ilibadili siasa yake. Ilichoka kuajiri watu wapya kila mara, ikaanza kuwaruhusu wafanyakazi waje na wake zao, na chini ya daktari Léopold Mottoulle ikajishughulisha mpaka na chakula cha watoto wachanga wa kambini. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Familia ilipofika mjini hatimaye, ilifika bila zizi. Mtoto aliyekosa maziwa ya mama alitazamwa na zahanati, wala si na bibi mwenye mbuzi aliyezaa juzi. Upande wa pili wa mji, siagi na jibini ziliteremka kwenye treni ileile iliyoleta unga, zikaenda mezani kwa Wazungu, na aliyezibeba kutoka jikoni alikuwa boi. Historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha hapa mwaka 1965, ile Vocabulaire ya André Yav, ilitoka kwa watu wa kazi hiyo ya nyumbani. Waliijua meza ya bwana kuliko wote, na waliijua kama mali ya mtu mwingine.

Atakayepinga ataanza na mbung'o. Ni kweli, misitu ya miombo ya Katanga imekuwa makao ya mbung'o, na ndiyo sababu ng'ombe wa kampuni walipandishwa Biano na nyanda nyingine za juu. Lakini hoja hiyo inamhusu ng'ombe zaidi. Mbuzi wadogo wa asili wameishi pembeni mwa misitu hiyohiyo kizazi baada ya kizazi, na kama walivumilia kuwa nyama, wangevumilia pia kuwa na chuchu. Wengine watataja joto, na hao ni rahisi kuwajibu: Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai watu hujifunika mablanketi mawili. Baridi ya kuhifadhia jibini ipo, tena ya bure.

Pingamizi zito ni lile la desturi na tumbo. Mbuzi hakukamuliwa kwa kawaida hata kabla ya 1910, na watu wazima wengi wa Afrika ya Kati hawamudu sukari ya maziwa mabichi. Huwatia gesi na kuhara. Nakubali yote mawili. Ila desturi ya chakula ndicho kitu kilichobadilika kuliko vyote hapa. Mahindi yenyewe, ambayo leo ndiyo bukari, ugali wa hapa, yametoka Amerika. Mkate, chai yenye maziwa ya unga, bia ya Simba iliyopikwa mjini humu tangu miaka ya 1920: mjukuu wa mkulima wa uwele alivipokea vyote katika maisha ya watu wawili au watatu. Desturi iliyofungua mlango kwa wageni wote hao haiwezi kulaumiwa peke yake kwa mgeni mmoja asiyeingia. Walioingia ni wale waliopitia dukani na kwenye posho. Na kuhusu tumbo, jibini ndiyo dawa ya zamani ya tatizo hilo: maziwa yakigandishwa, sehemu kubwa ya sukari yake huondoka na maji ya jibini, na bakteria hula sehemu ya kilichobaki.

Mtu anaweza kuuliza mbona wamisionari hawakufundisha, maana Wabenedikto walikuwa Katanga tangu 1910 na Wasalesiani walikuwa na misheni Kafubu, nje kidogo ya mji. Masisi, Kivu ya Kaskazini, inatoa jibu zuri. Jibini ya huko, yale magurudumu ya manjano yanayouzwa Goma na yaliyokuwa yakipandishwa ndege hadi Kinshasa, husimuliwa kuwa ilianza na mapadre wa Ubelgiji. Lakini padre alikuta milima ya nyasi isiyo na mbung'o na kaya nyingi zenye ng'ombe wa maziwa, baadhi zikiwa za watu waliohamishwa kutoka Rwanda na serikali ya kikoloni kati ya 1937 na 1955. Ufundi ulimwagwa juu ya maziwa yaliyokuwepo. Kafubu ungemwagwa juu ya nini?

Mfano unaonigusa zaidi uko Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru. Huko nako mbuzi hakuwa wa maziwa. Katika miaka ya 1980 mbuzi wa Norwei waliletwa Tanzania, na kupitia chuo cha kilimo cha Morogoro wakafika kwa wakulima wa mboga wa Mgeta. Mabanda yamejengwa juu ya miti, sakafu ina nafasi kati ya mbao, samadi inaanguka chini na kwenda kwenye kabichi. Mama anakata majani, anakamua, watoto wanakunywa na kinachobaki kinauzwa. Desturi ililegea ndani ya kizazi kimoja, bila hotuba ndefu, kwa sababu mnyama aliyeletwa alitoa zaidi ya alichohitaji mtoto wake na kaya ilikuwa na ardhi yake na muda wake.

Lubumbashi ilipata nafasi ya kuanza upya, ya uchungu. Mashamba ya wageni yalitaifishwa katika zairianisasheni ya 1973 na mengi yakafa mikononi mwa wapokeaji. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Posho ikaisha. Watu wakalima kando ya barabara za Kipushi na Kasenga, mbuzi wakarudi hadi uani. Hata hivyo fikra ya posho, ya gunia la unga, ilibaki: gavana Moïse Katumbi alipotaka makampuni ya madini yalime, kila moja hekta 500, lililotazamiwa ni mahindi. Na mbuzi wa uani amebaki akiba, wa kuuzwa shule zinapofunguliwa. Mwenye mbuzi huyo hakosei hesabu. Jibini ya kilo moja hutaka lita kumi hivi za maziwa. Mbuzi wa asili akitoa nusu lita kwa siku, watano watatimiza lita hizo kwa siku nne, maziwa ya siku ya kwanza yakiwa yamekwisha chacha, na bandani kuna watoto watano wa mbuzi wanaolia, kila mmoja ni ada ya muhula.