Baridi Yabisi na Dawa za Kichina katika Mji wa Shaba

Maumivu ya viungo yasiyokwisha, yale yanayovimbisha vifundo vya mikono na magoti na kuyakakamaza kila asubuhi, huitwa kwa Kiswahili sanifu baridi yabisi, na jina hilo limebeba nadharia nzima ya tiba, kwani yabisi ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kikavu, nao waganga wa pwani waliorithi elimu ya Kiyunani kupitia kwa Waarabu waliyapanga maradhi kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Huko Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga nchini Kongo, ulioinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, jina hilo halihitaji fasiri ndefu, maana usiku wa Juni na Julai huko ni wa baridi isiyo na tone la mvua.

Tangu mji huo uanzishwe mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, tiba zake zimefika pamoja na watu walioifuata shaba. Vibarua waliotoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini walikuja na desturi za kwao, ikiwemo kuumika, yaani kuichanja ngozi chale, kuibandika pembe juu yake na kuifyonza hewa hadi damu ikusanyike ndani. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kwa mikataba mirefu pamoja na wake zao, ikawajengea hospitali na zahanati; huruma, kama ilikuwepo, haikutangulia hesabu, kwa kuwa goti lililovimba lilikuwa siku ya kazi iliyopotea. Wakazi wenyewe hawakuona haja ya kuzitenga tiba hizo mbili kwa jina: daktari wa kampuni na mtaalamu wa mizizi wote waliitwa munganga.

Tiba ya Kichina ilikuja baadaye, tena kwanza kwa mlango wa serikali. Zanzibar ilitangulia kupokea madaktari kutoka China, mwaka 1964. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilifungua uhusiano na Beijing mwaka 1972, rais wake Mobutu akaitembelea China Januari 1973, na mwaka huohuo timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina ikapelekwa nchini humo. Huko Katanga, hata hivyo, Wachina waliongezeka hasa katika miaka ya 2000, bei ya shaba ilipopanda, na zaidi baada ya mkataba wa madini wa Sicomines wa mwaka 2008.

Elimu waliyokuja nayo ina jina lake kwa ugonjwa huu: bi, yaani kuziba. Kitabu cha kale cha Huangdi Neijing kinafundisha kwamba upepo, baridi na unyevu vikiingia mwilini kwa pamoja huzuia mkondo wa damu na wa qi, nguvu ya uhai. Mchina basi analaumu unyevu pale Kiswahili kinapolaumu ukavu, lakini baridi ni mshtakiwa wa wote wawili. Tiba nayo haina ugeni mkubwa: dawa mojawapo ya kale, iliyoandikwa na Zhang Zhongjing kiasi cha mwaka 200, huchemshwa kwa vijiti vya mdalasini na tangawizi, ingawa ndani yake mna pia mzizi wa akonito, ambao ni sumu usipopikwa vizuri. Kikombe cha kioo kinachobandikwa mgongoni baada ya kutiwa moto hakimshangazi mzee aliyewahi kuumikwa kwa pembe.

Mimea yenyewe si ya kuchezewa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba dondoo la mmea wa Kichina uitwao lei gong teng liliwapa wagonjwa nafuu kubwa kuliko sulfasalazini, dawa ya kawaida ya hospitali, ingawa wengi walijitoa kabla ya wiki 24 kwisha; nao mmea huo unajulikana kwa kudhuru uzazi. La kutisha zaidi lilitokea Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo, ambako mwaka 1993 madaktari wa Brussels waliripoti wanawake walioharibika figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene. Mmea uliokusudiwa ulikuwa fang ji, ambao Wachina huutumia pia kwa viungo vilivyovimba, lakini uliotiwa ulikuwa guang fang ji, wa jamii ya aristolokia, na waathirika walizidi 100. China iliupiga marufuku mmea huo wa pili mwaka 2004. Tofauti ya majina hayo ni silabi moja, nayo huandikwa kwa herufi za Kichina, wakati mgonjwa wa Lubumbashi husoma maelezo ya dawa kwa Kifaransa na kupatana bei kwa Kiswahili.