Pumwani: Wageni Waliojifanyia Mji

Historia ya miji yetu huandikwa mara nyingi kwa kufuata amri za serikali na ramani za wapimaji. Mtaa wa Pumwani, Nairobi, wafaa kutazamwa kwa njia nyingine: watu wasiokuwa na nasaba moja walipataje kuwa wenyeji wa mji mmoja?

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wapagazi, askari, wachuuzi na wanawake waliotoka makwao walijenga vijiji vyao wenyewe, kama vile Pangani, Mji wa Mombasa na Kaburini. Serikali ya kikoloni haikuvipenda. Mapema katika miaka ya 1920 ikapima viwanja vya Pumwani na kuanza kuwahamisha watu. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo ikabomolewa.

Katika Pumwani mtu alijenga kwa mali yake juu ya ardhi isiyokuwa yake. Nyumba zilifuata mtindo wa pwani: ujia katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mkikuyu, Mkamba na Mhaya kutoka Bukoba waliweza kupanga chini ya paa moja, nao hawakuwa na budi kusemezana. Lugha yao ikawa Kiswahili. Hapo jina la Mswahili halikuwa la kabila, bali la mwenendo. Mtu aliyesilimu, akachukua jina jipya na kushika adabu za mji, alihesabiwa Mswahili, hata kama babaye hakupata kuiona bahari.

Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Baadhi yao, wasiokuwa na watoto, waliwalea mabinti wa watu wengine na kuwaandaa wawarithi. Hivyo ukoo mpya ulianza nyumbani mwa mama, wala si katika shamba la baba.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya kikoloni ilimpa Mwafrika wa mjini jembe tangu siku ya kwanza, lakini ikamhesabu kuwa mgeni hata baada ya miaka thelathini, kwa kudhani kwamba kwao ni mashambani. Watu wa Pumwani waliikanusha dhana hiyo kwa kuishi, kuoana na kuzikana. Lugha iliwapa wenyeji. Kiwanja kilibaki cha serikali. Anayetaka kuelewa migogoro ya makazi Nairobi na aanzie katika tofauti hiyo.