Jivu letu la chumvi na kioo cha mitungi ya Iraki

Ndugu wasikilizaji wa Kisangani, nanyi familia mliokimbia mapigano ya Wambole na Walengola tangu 2023: kati yenu kuna wamama wanaojua kufinyanga. Sokoni wanaulizwa kila mara kwa nini sahani za dukani zinang'aa na chungu chetu hapana. Jibu linaanzia kwenye jivu.

Wazee wa msituni walichoma majani ya mtoni, wakachuja maji kupitia lile jivu, wakachemsha mpaka chumvi ibaki. Ina potasiamu nyingi, nayo ni alkali, ndugu wa magadi. Huko Iraki na Uajemi watu waliyeyusha jivu la mimea ya jangwani pamoja na mchanga, wakapata kioo cha kupaka mitungi. Shaba kidogo ikakipa rangi ya samawati. Mitungi hiyo, ya karne ya 8 hadi ya 10, imechimbuliwa Shanga na Manda katika visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu. Ni pwani ileile walikotoka Wangwana wa Tippu Tip, aliyefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887. (Kwetu walileta ushanga, nao ni kioo cha alkali vilevile.)

Shida ni kwamba alkali huyeyuka katika maji. Ukiipaka mbichi inanywewa na udongo, halafu chungu kikikauka inatokea juu kama unga mweupe. Abu'l-Qasim wa Kashan aliandika dawa yake mwaka 1301: jivu la magadi na mawe meupe yaliyosagwa, karibu sawa kwa sawa, viyeyushwe tanuruni, vikorogwe, vimwagwe majini vikiwa moto, kisha visagwe tena. Unga huo mafundi wanauita friti.

Alkali ikizidi, kioo kikipoa kinajivuta kuliko udongo, na nyufa ndogondogo zinaingiza mafuta na uchafu. Risasi inapunguza nyufa, lakini ni sumu, hasa ukiweka ndimu. Mama akiletewa unga wa kung'arisha usio na jina, aulize kwanza kama una risasi.

Moto wetu wa wazi hupanda na kushuka haraka. Friti inataka tanuru. Kwa sombe juu ya makala, mimi bado nachagua chungu kisicho na kioo: vitundu vyake vinakisaidia kuvumilia moto. Friti iwe ya mabakuli na vikombe vya kuuza.