Kiambo, Uwanda na Dago: Juu ya Kukodishwa kwa Pwani ya Kaskazini ya Unguja

Kendwa, katika rasi ya Nungwi, leo yajulikana kwa mahoteli yake. Walakini mikataba iliyoyaleta haieleweki vema pasipo kutazama kwanza maneno waliyoyatumia wenyeji kwa ardhi yao.

John Middleton, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya umiliki wa ardhi Unguja na Pemba, alieleza jinsi wenyeji wa nchi ya mawe walivyopambanua kiambo, yaani makao ya ukoo, na uwanda, yaani mahali pa kulima kwa kuhamahama. Mti nao uliweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi. Wavuvi walikuwa na neno lao, dago: kambi ya msimu, ambayo mtu huipiga, akavua, akaondoka. Hapana hata moja katika maneno haya lenye maana ya mali ya mtu mmoja awezaye kuwafungia wengine wote.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na sheria ya 1992 ikaithibitisha hali hiyo. Basi mwekezaji alikodi ardhi kwa Serikali, na mwanakijiji akalipwa minazi yake. (Minazi, waama, huhesabika.) Haki ya kupita, ya kuanika dagaa na ya kupiga dago haikuwa na bei, kwa kuwa haikuwa na mwenyewe mmoja.

Jambo hili lilidhihirika mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipotolewa kwa kampuni ya kigeni rasi ya Nungwi, yapata kilomita za mraba 57, kwa miaka 49. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 4. Mpango ule haukujengwa. Mahoteli yakaja moja moja.

Katika kisiwa cha Mnemba, upande wa mashariki, walikopiga dago watu wa Matemwe na Kijini, hoteli ilitangulia. Hifadhi ya bahari ikafuata mwaka 2002, na ada za wageni zikaanza kugawiwa vijiji. Chumbe, kusini ya mji, hifadhi ilitangazwa mwaka 1994 kabla ya wageni kupokewa, na walinzi wa mwamba wakachaguliwa miongoni mwa wavuvi wenyewe. Mnemba mvuvi alifidiwa baada ya kuondoka. Chumbe alipewa kazi mahali pale pale alipokatazwa kuvua.