SAT: Namna ya kupandisha alama bila kulipia tuisheni

Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeota kusoma Marekani, SAT si mtihani wa kujaribu-jaribu. Ada yake kwa anayefanyia nje ya Marekani inapita dola 100. Wengi wana pesa ya kuufanya mara moja, wakijikaza sana mara mbili.

Ndiyo maana maandalizi ni muhimu kuliko siku yenyewe. Habari njema ni kwamba vifaa bora vya kujiandaa ni vya bure.

Kwanza, unauhitaji?

Usilipie kabla ya kuangalia chuo unachokitaka. Vyuo vya University of California haviangalii kabisa alama za SAT katika udahili. Vingine vingi vimeuacha uwe wa hiari.

Lakini MIT iliurudisha kuwa lazima mwaka 2022, na Harvard, Dartmouth na Brown vikatangaza hivyo hivyo mwaka 2024. MIT, Harvard na Dartmouth pia hudahili wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wa familia, kisha husaidia kufidia pengo la gharama. Kwa mtoto wa familia ya kawaida, hapo ndipo alama nzuri zinapokuwa na maana.

Mtihani wenyewe ukoje

Tangu Machi 2023, watahiniwa wa nje ya Marekani wanaufanya kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook. Unachukua saa 2 na dakika 14, ukiacha mapumziko ya dakika 10.

- Kusoma na Kuandika: maswali 54, dakika 64
- Hisabati: maswali 44, dakika 70

Kila sehemu ina alama 200 hadi 800, hivyo jumla ya juu ni 1600. Kila sehemu pia imegawanywa vipande viwili. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza, cha pili kinakuja kigumu zaidi na mlango wa alama za juu unabaki wazi. Ukivurunda cha kwanza, unaletewa kipande rahisi, na hata ukipata maswali yote hapo, huwezi kufika juu kabisa.

Kwa hiyo usikimbizane na saa kwenye kipande cha kwanza. Tulia, hakiki majibu.

1. Jipime kabla ya kusoma

Ndani ya Bluebook kuna mitihani kamili ya majaribio, bure. Fanya mmoja kwa muda halisi, simu ikiwa mbali. Alama utakayopata ndiyo mwanzo wako, hata kama inauma.

Angalizo: Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Inahitaji kompyuta au tableti. Kama huna, azima ya ndugu au omba shuleni kwa siku za majaribio tu. Mazoezi ya kila siku unaweza kuyafanya kwenye simu kupitia Khan Academy, ambayo ina kozi ya SAT ya bure iliyoandaliwa kwa kushirikiana na College Board, wenye mtihani.

2. Weka daftari la makosa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafanya majaribio kumi, wanaangalia alama, wanahamia jingine.

Kila swali ulilokosa, andika sababu: sikuijua mada, sikuelewa swali, au muda uliniishia. Baada ya wiki mbili utaona kosa lako linajirudia wapi. Soma hapo, usisome kila kitu.

3. Kikokotoo ni silaha, kijue

Bluebook ina kikokotoo cha Desmos kinachochora grafu, na unaruhusiwa kukitumia kwenye Hisabati yote. Aliyezoea majedwali ya kihesabu ya kidato cha nne anaweza kukisahau kabisa na kupoteza dakika nzima.

Mfano: unaulizwa y = 2x + 3 na y = x² zinakutana wapi. Ziandike zote mbili kwenye Desmos. Grafu itakuonyesha (-1, 1) na (3, 9) papo hapo.

Ila usikitegemee kwa kila kitu. Takriban asilimia 70 ya maswali ya Hisabati ni aljebra, ya msingi na ya juu. Bila kuielewa, hutajua hata uingize nini.

4. Kiingereza: anza na alama za uandishi

Msamiati hupanda taratibu. Kanuni za alama za uandishi unaweza kuzimaliza kwa wiki chache.

Kosa la kawaida ni kuunga sentensi mbili kamili kwa mkato peke yake. Kwenye Kiswahili cha mazungumzo tunafanya hivyo kila saa na hakuna anayeshtuka. Kwenye SAT ni kosa. Unahitaji nukta, nukta mkato, au mkato ukifuatiwa na neno kama "and" au "but".

Kwa maswali ya kujaza neno, ziba majibu, fikiria neno lako mwenyewe, kisha tafuta linalofanana nalo.

5. Usiache swali wazi

Jibu baya halipunguzi alama. Swali likikugomea, chagua jibu, liwekee alama ya kulirudia, songa mbele. Una wastani wa sekunde 71 kwa swali la Kiingereza na 95 kwa la Hisabati.

Je, mazoezi yanalipa?

Mwaka 2017 College Board ilieleza kwamba wanafunzi waliofanya saa 20 za mazoezi kwenye Khan Academy walipanda wastani wa alama 115 kutoka PSAT hadi SAT. Huenda waliojituma walikuwa tayari na bidii zaidi, na mtihani wa wakati huo ulikuwa wa karatasi. Hata hivyo, saa 20 ni dakika 30 kwa siku 40. Hilo linawezekana hata ukiwa na shule.

Kabla ya siku yenyewe

- Kamilisha maandalizi ya Bluebook siku 1 hadi 5 kabla, upate tiketi yako.
- Chaji kompyuta ijae, beba na chaja.
- Hakikisha una kitambulisho kinachotakiwa. Kwa wengi nje ya Marekani ni pasipoti. Anza kuifuatilia mapema.
- Intaneti ikikatika katikati ya mtihani, usipaniki. Bluebook inaendelea, utaihitaji tena wakati wa kutuma majibu.

Ukilazimika kurudia, uliza kwanza chuo. Vingi huchukua alama yako bora ya kila sehemu kutoka tarehe tofauti, hivyo ukirudia unaweza kuweka nguvu kwenye sehemu iliyokuangusha. Ushauri wa bure unapatikana EducationUSA, yenye washauri Dar es Salaam na Nairobi.