Fakta ya Jumla na Wapinzani Wake: Historia ya Uchambuzi wa Uwiano wa Vigeu Vingi katika Saikolojia, 1888–1938

Uchambuzi wa uwiano wa vigeu vingi ulichipuka Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1888 Francis Galton aliwasilisha mbele ya Royal Society njia ya kupima uwiano baina ya vipimo vya mwili, kikiwamo kimo. Mwaka 1896 Karl Pearson aliipa dhana hiyo fomula inayotumika hadi leo. Hata hivyo, fomula hiyo ilihusisha vigeu viwili tu kwa wakati mmoja. Lilibaki swali la kinachosababisha vigeu vingi kuwiana kwa pamoja.

Charles Spearman, ofisa wa zamani wa jeshi aliyesomea saikolojia Leipzig, alitoa jibu lake mwaka 1904. Katika alama za wanafunzi aliowachunguza, somo la lugha za kale liliwiana na Kifaransa kwa 0.83, na vipaji vya muziki kwa 0.63. Uwiano wote katika jedwali lake ulikuwa chanya na ulipangika kwa ngazi. Kutokana na mpangilio huo, alihitimisha kuwa kila mtihani hupima fakta moja ya jumla, pamoja na fakta mahususi ya mtihani wenyewe.

Mwaka 1916 Godfrey Thomson alilipinga hitimisho hilo. Kwa kurusha dadu, aliunda alama za kubuni zisizo na fakta ya jumla, bali zenye fakta za makundi zilizoingiliana. Ngazi ileile ilijitokeza. Hivyo basi, ngazi haikuwa ushahidi tosha wa kuwapo kwa fakta moja akilini.

Huko Chicago, L. L. Thurstone alifuata njia nyingine. Mwaka 1938 alichapisha uchambuzi wa mitihani 56 iliyofanywa na wanafunzi 240, akabainisha stadi za msingi kadhaa, zikiwamo za maneno, namba na kumbukumbu. Alizipata kwa kuzungusha mihimili ya hesabu hadi ilipoleta sura sahili. Hata hivyo, jedwali moja la uwiano linaweza kuelezwa sawasawa kwa mihimili iliyozungushwa kwa namna nyingi; uteuzi wa mihimili humtegemea mtafiti.

Mzozo huu haukuwa wa kihesabu pekee, kwa kuwa mitihani hiyo ilitumika kuamua nani aendelee na elimu ya sekondari. Thomson mwenyewe, mwaka 1921, alitunga mitihani kwa ajili ya Northumberland ili kuwabaini watoto wenye uwezo katika shule za vijijini, ambao vinginevyo wangeachwa. Kwake, mtihani ungeweza kuwa na manufaa ya kuteua pasipo kuthibitisha asili ya akili. Wasomaji wa fakta waliochanganya mambo hayo mawili walikichukulia kifupisho cha takwimu kuwa kitu kilichomo ndani ya mtoto, ilhali jedwali la uwiano, peke yake, halina uwezo wa kuthibitisha dai hilo.